Herufi A

Unaniuliza, Ndahani, nilianzia wapi.
Ungeniuliza swali jepesi, kama vile
mvua ya kwanza Dodoma itanyesha siku gani.

Nilianza na kompyuta ya mtumba, soko la Majengo,
nyuma ya wauza ndoo.
Laki na themanini, muuzaji hakushuka hata mia.
Betri ilishakufa; mashine iliishi
pale tu umeme ulipoishi.
Na herufi A haikuwepo.
Palikuwa na shimo, na ndani yake kichuguu cha mpira
nilichokibonyeza kwa mfuniko wa kalamu.

Jaribu kuandika Kiswahili bila A.
Jaribu mama. Jaribu kazi, maana, mshahara.
Hata jina lako linazo mbili.

Mchana nilikuwa karani wa mizani, zabibu za Mpunguzi,
daftari kubwa, rula, kalamu mbili za wino.
Kreti zinashuka, nyuki wanazifuata,
Mama Chilongani anagombana na karatasi:
“Nilileta arobaini na moja. Hapa pameandikwa kumi na nne.”
Alikuwa mkweli. Jua na usingizi
vilinigeuzia tarakimu mkononi.
Kilo ishirini na saba nikazilipa mwenyewe,
kwa bei ya msimu ule. Piga hesabu.

Usiku huohuo nikaanza.
Watu watakueleza habari za ndoto.
Mimi nilikuwa na deni.

Mwalimu wangu alikuwa kijana wa nchi ya mbali
kwenye video nilizopakua kwa bando la usiku,
saa sita hadi alfajiri, upepo ukitikisa bati
na vumbi likiingia kwenye chai.
Nikiandika mstari, mashine inanijibu kwa Kiingereza chekundu.
Nikifuta. Nikiandika tena. Chekundu.
Wiki tatu nilikuwa natafuta nukta mkato.

Siku programu ilipokubali kwenda,
ilitangaza kwamba Mama Chilongani
ametuletea kilo hasi sita.
Akasoma, akavua miwani:
“Kwa hiyo ninyi ndio mmenipa zabibu?”
Akacheka mpaka akakalia kreti.
Nami nikarudi nyumbani kutafuta alama ya kutoa
iliyokaa mahali pa kujumlisha.

Barua za kazi nilituma kumi na moja.
Zote zilitaka uzoefu wa miaka mitatu.
Ni kumwambia mtu asiguse maji hadi ajue kuogelea,
tena huku kwetu,
ambako mto ni mchanga miezi minane.

Ya kumi na mbili ilinifikisha Mtumba,
ofisi inayonuka rangi mpya,
watu wanne na chupa nne za maji.
Cheti? Cha kidato cha nne.
Nikaomba soketi.
Wakatazama kalamu yangu ikibonyeza lile shimo,
mmoja akakohoa.
Bi Sekela peke yake hakuuliza programu inafanya nini.
Aliuliza: “Ilikosea lini, na ulijuaje?”
Nikamweleza kilo hasi sita, bila kupunguza.
Akaandika kitu. Sijawahi kujua ni nini.

Walinipa miezi mitatu na nauli.
Kazi ya kwanza: kuondoa nafasi tupu
mwanzoni mwa majina elfu nane.
Hakuna aliyepiga makofi.

Kwa hiyo sijui nikuambie kozi ipi, Ndahani.
Hapo Nkuhungu unapokaa, yupo mtu
anayegombana na daftari kila jioni.
Kaa naye. Mwache akutukane kidogo.
Halafu uandike kitu kibaya, kifanye kazi vibaya,
umwonyeshe.

Siku hizi kibodi yangu ni nzima, herufi zote zipo.
Lakini wenzangu ofisini wanalalamika:
kila nikifika kwenye A
meza inatikisika.