Hesabu za Dobi

Saa nane za usiku. Mashine zimenyamaza,
ila ile ya kona, inayokohoa vifungo.
Machteld amekalia kapu lililofudikizwa,
simu mkononi, kioo kina ufa,
na nyuma ya ufa, ngozi ya ndama
ya miaka mia sita na ushei,
imekunjamana kama shuka lisiloonja pasi.

Daftari la hospitali ya maskini, hapahapa Gent,
ng'ambo ya mto anaouvuka kwa baiskeli.
Humu hamna mfalme.
Mna samaki wa chumvi, mapipa mawili.
Mna kamba ya kisima, mishumaa,
na paka mmoja, kanunuliwa kwa fedha taslimu!
Anacheka peke yake.

Kiflemi cha kale: akikisoma kwa macho, ukuta.
Akikisoma kwa sauti, anamsikia bibi yake wa Aalst
akigombana na kuku.

Kisha, mstari wa tisa:
*Heylwich, kwa kufua mashuka ya wagonjwa,
pamoja na majivu ya kufulia, sarafu nne.*
Juma la pili, Heylwich, sarafu nne.
Juma ambalo mto uliganda,
akapasua barafu kwanza ndipo afue,
Heylwich, sarafu nne.

Machteld anatazama vidole vyake,
nyufa zilizokula sabuni mpaka kwenye nyama.

Anafunua, kama kufunua ni kugusa tu.
*Heylwich, hakuna. Shuka moja halionekani.*
"Mwongo wewe," anamwambia karani,
mwenye mwandiko wa kujipamba, mikia mirefu kwenye herufi.
Anaikuza picha kwa vidole viwili,
anaikuza hadi wino unakuwa matope,
analitafuta shuka.

Ukurasa unaofuata umeliwa na panya
(paka yule, basi, alikuwa wa hasara).
Pembeni pana rula, na ncha ya kidole
cha aliyepiga picha, kidole cha leo, kina kucha fupi.
Chini kabisa, kwenye kipande kilichosalia:
*Heylwich, sarafu nne, na nne za*

Basi. Hapo meno yalipita.

Mashine ya kona inatulia.
Anatoa mashuka ya hoteli, mazito, yanafuka mvuke,
anayakunja pembe kwa pembe, anahesabu,
ishirini na tatu.
Anahesabu tena.