Shoka na Kamba

Machano, kanda zetu zote wamezifuta.
Nimekwenda mwenyewe, nimepanda ngazi za stesheni,
kijana mmoja wa miwani akaniambia kwa adabu
kuwa enzi zile kanda zilikuwa chache,
juu yake zikirikodiwa hotuba, mpira, maulidi.
Basi mimi na wewe tumo chini ya hotuba ya mtu,
tumezama, na hapana wa kutuopoa.

Ilikuwa kila Alhamisi, baada ya taarifa ya habari.
Wewe Koplo Shoka, mie Koplo Kamba.
Kofia zetu za zimamoto zilikuwa mabakuli ya bati
aliyoyapaka rangi nyekundu Bi Mize wa mavazi;
jasho likitoka, rangi ikituchuruzika masikioni.
Moto wetu ulikuwa karatasi za pipi mbele ya feni.
Kisima chetu kilikuwa mbao na magunia,
ukishuka futi tatu, ukichutama,
ukipaza sauti kama uko tumboni mwa ardhi:
"Kamba! Umenishika?"
Na mie, kamba yenyewe imefungwa msumarini,
nikikaza shingo mpaka mishipa ikasimama:
"Nimekushika, Shoka. Teremka."

Watoto wa Kikwajuni wakijaa mkekani
mbele ya televisheni ya mtaa, hawapepesi macho.
Muuza skonzi akakataa pesa zangu:
"Koplo hanunui." Sikumsahihisha.
Skonzi zilikuwa za moto.

Hayakuonyeshwa mengine:
kwamba ulitafuna thomu kwa makusudi kabla ya kurikodi,
kwamba ulimeza mistari yangu mizuri,
kwamba nilikuwa na shilingi zako ishirini
na nikipita njia ya nyuma nisikutane nawe.

Hata usiku ule wa Jang'ombe, mlango ukagongwa.
Mwanamke, miguu mitupu, kanga imemvuka bega:
"Mwanangu kaingia kisimani."
Gari la zimamoto lilikuwa limekwenda shamba.
Nikasema, mama, mie karani wa bandarini.
Akanitazama kama niliyemtukana.
"Si nyinyi hao? Si nyinyi?"
Na wewe, uliyekuja kudai zako, uko ukumbini kwangu,
hukusema kitu. Ulivua viatu.

Kisima cha kweli kina harufu.
Kina baridi inayopanda kukusalimu.
Hapana aliyesema "kata", hapakuwa na msumari.
Nikajifunga kamba ya usumba kiunoni,
nikaegemeza mgongo kwenye mwarubaini,
na wewe ukaniuliza, si kwa sauti ya Shoka,
kwa sauti yako, yenye kigugumizi,
ambayo mtazamaji hakupata kuisikia:
"U-Ussi. U-umenishika?"

Miaka mitano nimelisema jibu lile,
na usiku ule likanitoka kichwani.
Nikaivuta kamba mara moja.
Ukafahamu. Ukashuka.

Mtoto alitoka akililia ndala yake moja.
Wewe ulitoka unatetemeka, huna la kusema,
na ngozi ya viganja vyangu ilibaki kwenye usumba.
Mama mtu alituita Koplo, sote wawili,
nasi tukaitika.

Alhamisi iliyofuata nilimwambia fundi aung'oe msumari.
Akacheka: "Futi tatu hizo, mzee, ataanguka wapi?"
Ung'oe, nikasema.
Hukuniuliza kwa nini kamba ilikuwa nzito siku ile,
wala sikukuuliza kwa nini ulinukia mdalasini.

Leo umeme umekatika Michenzani.
Macho yako yamekwisha, magoti yangu vivyo hivyo,
na kwako ni ghorofa ya tano.
Mkono wako uko begani kwangu.
Nakuhesabia: ngazi. Nyengine. Nyengine. Hapa pamebomoka.
Katikati ya kiza unasimama, unavuta pumzi,
nadhani sasa utanambia jambo kubwa.

"Ussi," unasema, "zile shilingi ishirini."

Zipo, nakwambia.
Ngazi. Nyengine.