Kimya cha Kioo cha Nne

Sikio la Eleuterio Paillacar lilinifikia Jumanne,
si lote, kipande cha ukubwa wa punje ya dengu
kikielea ndani ya fomalini,
na karatasi: mkata manyoya ya kondoo,
miaka sabini na moja, kidonda hakiponi.

Hapa Punta Arenas upepo hauna adabu.
Hunyakua kofia, husukuma wazee ukutani,
na jua letu halingoji joto ili likuunguze.
Miaka hamsini aliinama juu ya kondoo wa watu,
sikio la kushoto likitazama mbingu.

Nikakigandisha katika nta, nikakikata
wembamba ambao pumzi yangu ingeupeperusha,
nikakitia zambarau na waridi, kazi ya kila siku.
Daktari Kusanovic akainamia hadubini
mpaka kahawa yake ikafanya utando.

"Nélida," akasema, "hawa ni wa nyumba gani?"

Seli ndefu, zimechongoka ncha mbili,
zinapishana kama dagaa kwenye ndoo.
Huenda ni saratani ya ngozi ya juu iliyovua magamba.
Huenda ni melanoma iliyoacha weusi wake nyumbani.
Huenda ni za msuli. Au ni uvimbe ule wa wazee wa juani,
wenye sura ya muuaji na tabia ya jirani mgomvi:
ukiukata vizuri, mara nyingi huhama.
Uso mmoja, na kila jina lina kisu chake.

Simba akinyeshewa usidhani ni paka, sawa.
Lakini wakinyeshewa wote wawili?

Basi tukauliza.
Kingamwili ni swali ndani ya chupa ndogo,
swali lisilojua kuuliza jingine.
Likipata wa kuitika humng'ang'ania,
na kahawia hutua hapo
kama chai iliyomwagika kwenye kitambaa cha mgeni.

Vioo vinne, usiku mmoja.
Cha keratini: hakuna.
Cha p40, hakuna. Cha desmini, hakuna.
Cha nne, SOX10, kinachoita melanoma kwa jina la ukoo:
buluu, buluu, buluu tupu.

Kusanovic akavuta fomu.
Kwa kutoa na kutoa, lilibaki lile jina jepesi.
Kalamu ilikuwa tayari imegusa karatasi
nilipotazama pembeni mwa kioo,
pale ninapobandika kipande cha mtu mwingine,
melanoma ya zamani, isiyo na ubishi,
shahidi ambaye sharti aseme ndiyo.

Naye alikuwa buluu.

Nikasema, "Daktari, ngoja,"
na sauti yangu haikuwa yangu.
Chupa ilikuwa imepita tarehe yake kwa wiki tatu.
Niliiona tarehe ile. Niliiona, nikafungua.
Shahidi aliyelala hakusema hapana.
Alilala tu.

Hakunigombeza. Alifunga kalamu,
akaenda dirishani akatazama mabati ya jirani yakipigwa.
Ingekuwa heri angenigombeza.

Chupa mpya ilitoka Santiago Ijumaa, katika barafu.
Nikarudia usiku uleule wa vioo.
Pembeni, shahidi: kahawia.
Katikati, kiini baada ya kiini,
kahawia, kahawia, umati mzima umesimama
ukiitika jina ambalo Jumatano
tulikaribia kuandika halimo.

Alikuja Jumatatu na binti yake, Oriana,
kofia ya sufu imevutwa hadi kwenye bandeji.
Sikuwa na ruhusa ya kuwapo. Nilikuwapo, mlangoni.
Daktari alieleza upasuaji, tezi za shingo, safari ya kwenda kaskazini.
Mzee alisikiliza kwa sikio la kulia.
Kisha akauliza
kama anaweza kwanza kumaliza kundi la Río Verde,
kondoo mia nne, hawajui kungoja.

"Hapana," Oriana akasema, kabla ya daktari.

Nilirudi kwenye friji.
Nikazitoa chupa zote mezani, moja moja,
nikazisoma tarehe kwa sauti
kama mtu anayeita mahudhurio darasani.