Chumvi ya Bibi Rusanka

Nilipanda mlima kwa basi la Jumamosi kutoka Plovdiv,
begi limejaa vichupa: mafuta ya samaki,
magnesiamu, manjano ndani ya vidonge,
na uyoga mkavu wa nchi ya mbali
ambao hata mimi ninayeuuza siwezi kuutamka.
Mwaka wa kumi na mbili huu nimesimama nyuma ya kaunta
nikiwauzia watu kesho, kichupa kimoja kimoja.

Bibi alinipokea mlangoni na kisu na kitunguu.
"Umekonda," akasema. Kisha: "Umenenepa."

Ana miaka tisini na minne.
Daktari wa Smolyan alimwandikia kwa wino mwekundu
PUNGUZA CHUMVI,
na karatasi ile ameikunja vizuri
ikawa mfuniko wa kopo la chumvi.
Nani atamwambia aliyekula chumvi nyingi
kwamba chumvi ni nyingi?

Nikampangia vichupa dirishani.
Hiki alfajiri, hiki baada ya chakula,
hiki usiku, kwa maji ya kutosha.
Alinisikiliza kama anavyomsikiliza kasisi,
yaani huku anachambua maharage.

Niliporudi Oktoba
bawaba za zizi hazikulia tena: mafuta ya samaki.
Nyanya za mwisho zilikuwa nene kama ngumi: magnesiamu.
Kuku wawili, sikuuliza walikula nini,
walitembea uani kama mabibi harusi.
"Dawa zako nzuri mno," akasema. "Niletee nyingine."

Basi nikatoa daftari.
Siku tatu nilimfuata kama karani wa sensa.
Saa kumi na moja yuko macho, hana haja ya jogoo.
Mtindi wa mbuzi, uliolala usiku kucha
ndani ya blanketi la sufu kama mtoto mwenye homa.
Chai ya majani ya mlimani, chungu, bila sukari.
Ngazi sitini na moja hadi kisimani, ndoo mkononi,
na mimi nyuma yake, mikono mitupu,
natweta.
Mchana analala. Haombi radhi.
Jioni kijiko kimoja cha pombe ya plamu,
"cha mapafu," anasema, na cha pili hakitaji ni cha nini.

"Unaandika nini?"
"Siri yako, Bibi."
Akacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi nikaogopa.
"Siri yangu? Andika: sikufa."
Akafuta macho kwa ncha ya kitambaa.
"Halafu uandike Velika, dada yangu.
Mtindi uleule, chungu kilekile,
kisima kilekile, na alinishinda kukimbia.
Tulimzika na miaka arobaini na moja.
Yeye hakuna aliyemfuata na daftari."

Kuni zikapasuka jikoni.
Sikuwa na la kuandika.

Kisha, kama anayezungumza na maharage:
"Walikuwa wakiniita Ruska.
Velika, na mama, na Hariton kabla hajanioa
na hata baadaye, akiwa amekunywa kidogo.
Sasa ni Bibi, ni Nyanya, ni Mama Mkubwa,
kule zahanati ni namba kumi na saba.
Hakuna aliyebaki wa kuniita Ruska.
Mwenye kidonge cha hilo akilete,
nitakimeza bila maji."

Jumatatu nilikuwa kauntani.
Mzee mmoja wa kofia ya sufu
alikisogeza kichupa hadi puani
kama anayenusa yale maandishi madogo.
"Binti, hiki kinasaidia kweli?"

Nilitaka kumwuliza nani bado anamwita
kwa jina la utotoni.
Foleni ilikuwa ndefu.
"Kimoja kwa siku," nikasema, "pamoja na chakula.
Na usile peke yako."

Akadhani ni masharti ya dawa.
Akaazima kalamu yangu,
akayaandika kiganjani.