Hamri la Kwanza

Fomu ina kurasa kumi na mbili.
Nimeilaza juu ya pipa la unga, nikaitilia kopo la iliki
isiruke na upepo wa feni.
Kila ajaye kununua huiona,
na kila aionaye ana neno.

"Mumiani hao," kasema Bi Mishi wa nyumba ya pili,
akichagua mahamri mawili, yale makubwa.
"Zamani walikuja usiku na gari.
Sasa waja mchana, wana beji, na nauli wakupa."

Tsuma fundi pikipiki kacheka, grisi mpaka masikioni:
"Mama, panya wamewaishia. Sasa ni sisi."

Binti yangu Swabra kanieleza vizuri zaidi:
wengine watapata dawa, wengine unga tu,
na ajuaye nani kapata nini ni kompyuta.
"Basi ni bahati nasibu."
"Ni kura, mama. Bahati nasibu ina zawadi."

Sukari nimekaa nayo mwaka wa tisa.
Dada yangu Maimuna alianza na kidonda
kama punje ya mtama, hapa, kando ya kidole.
Mguu ulitangulia Kikowani mwezi wa Rajabu.
Mwenyewe akaufuata Mfungo Mosi.
Dawa wanayoijaribu ni ya vidonda hivyo.

Kijana wa utafiti aitwa Baya, jina tu, tabia yake njema.
Alikaa kwenye kigoda changu, moshi ukimtoa machozi,
akanisomea mpaka ukurasa wa saba:
*Una haki ya kukataa.
Una haki ya kutoka siku yoyote, bila kuulizwa sababu.*
"Rudia hapo," nikamwambia.
Miaka hamsini na mitatu, nimeolewa mara mbili,
hakuna karatasi iliyowahi kuniambia hivyo.

"Na jina lako litakuwa siri," akaendelea. "Utakuwa nambari."
Siri? Guraya hii?
Hapa ukipiga chafya, mtaa wa nyuma wakuombea afya.

Usiku, nikikanda, nikawaza.
Mafuta hayasemi kwamba yamepata moto.
Lazima hamri moja litangulie.
Likizama likalewa mafuta, umejua.
Likiungua kabla ya kufura, umejua.
Hilo haliuzwi. Nalila mwenyewe, nimesimama,
na wateja wanunua yaliyofura
bila kuuliza la kwanza lilikwenda wapi.

Vile vidonge vyangu vyeupe, asubuhi na jioni,
kuna mtu alivimeza kabla yangu
vilipokuwa bado havina jina.
Huenda naye aliitwa nambari.
Huenda alipewa unga, akarudi kwao na kidonda chake.
Sijamwombea hata siku moja.

Lakini hamri haliulizwi. Mimi nimeulizwa.

Jumatano Baya karudi. "Una swali lolote?"
Nilikuwa nalo moja.
"Dawa hii ikifaa, nitainunua kwa shilingi ngapi
pale Mwembe Tayari? Au sisi tuonje, wengine washibe?"

Akaitazama kalamu yake kama kwamba jibu limo ndani.
"Hilo halimo kwenye fomu, mama."
"Basi litie."

Akageuza ukurasa wa mwisho, akaliandika nyuma kwa mkono,
neno kwa neno, na *tuonje* na *washibe*.
Nikatia sahihi hapo, chini ya swali langu,
unga wa vidole ukabaki kwenye karatasi.
Mstari wao wa nukta nukta nimeuacha ulivyo.
Kasema atawauliza wakubwa, atarudi Jumatatu.
Akirudi mikono mitupu pia nitajua kitu.

Nikainjika karai.
Bi Mishi akachungulia mlangoni: "Washakunyonya?"
"Bado. Shika hili, la kwanza.
Nambie kama mafuta yamepata moto."