Karatasi ya Bahari

Obuya alipohamia Eldoret aliniachia tangi,
fulu sita, pampu inayokoroma,
na nyuma ya kioo, karatasi ya bahari:
matumbawe mekundu, pango jeusi, nanga ya dhahabu.
Bahari! Hapa Migosi,
ambako upepo wa jioni unanuka ziwa na omena.

Jumapili nikashika siki, wembe, kitambaa cha vuguvugu.
Gundi ya Obuya ni kama maneno yake, haikubali kuisha.
Nikakwangua kona, nikavuta;
buluu ikabanduka vipande vipande
kama ganda la kiazi cha kuchemsha,
ikanijaa kwenye kucha.
Apondi ananimulikia kwa simu:
"Hapo bado, mama. Na hapo."
Saa tatu nzima.
Nanga ndiyo iliyong'ang'ania hadi mwisho.

Kisha kioo kikawa kioo.
Nyuma yake ukuta wetu wa rangi ya maziwa,
swichi,
msumari usio na picha.
Nikawaambia, haya, sasa mko nyumbani.

Lakini usiku, nilipoamka kunywa maji,
nikamwona yule dume mkongwe mwenye pezi lililochanika
akielea pale pale, ubavu kwenye kioo,
amelala mlangoni pa pango
lililokwisha kwenda na taka.

Kulipokucha nikateremka Dunga,
nikainama ufukweni kama aliyedondosha pete,
nikachagua jiwe lenye tundu.
Apondi akauliza, la nini?
Nikamjibu:
kuna samaki ananidai mlango.