Makabidhiano

Kombo, kaa chini. Zima hiyo simu.
Treni yangu ni saa nne kasorobo
na ofisi hii haijapata kulala bila mtu.

Ofisi yenyewe ni hili kopo la biskuti,
la bluu, miaka kumi halijaona biskuti.
Juu, barua za halmashauri. Katikati, za hospitali.
Chini kabisa, karatasi za uhamiaji
na picha yetu ya kwanza hapa, wewe
ukiwa bado ngumi tumboni mwa Mama.
Hizo usizitoe penye chai.

Nilishika kazi nina miaka minane,
hapa Northampton, mji wa washona viatu,
nami nimevaa raba za mtu mwingine.
Hakuna aliyeniapisha.
Alikuja bwana mlangoni na kalamu, anataka mita ya gesi,
Mama akanisukuma bega: Mwambie.
Nimwambie nini?
Mwambie tu.

Basi nikawaambia.
Nikamwambia mwenye nyumba ukungu umefika dari.
Nikawaambia benki, kwa sauti nzito,
kwamba mimi ndiye Bi Mkasi Hamad,
mzaliwa wa Wete, na tarehe nikaitaja
upesi kuliko yangu.
Siku ya wazazi mwalimu akasema nina domo;
nikatafsiri: anasema nina bidii ya kujieleza.
Mama akatabasamu, na mwalimu naye
akatabasamu, hajui kwa nini.

Hayo unaweza kuyaiga.
Hili la kliniki, usiliige.
Nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Daktari akatamka neno,
nikalijua, lilikuwa kwenye tangazo la basi la shule.
Likanikwama kooni kama mwiba wa changu.
Nikasema: Mama, kuna uvimbe,
watautoa, utarudi nyumbani.
Uvimbe! Kama kidole kilichobanwa na mlango.
Wakautoa. Akarudi. Mungu alinisitiri.
Lakini lile neno sikulitupa,
liko humo koponi, chini ya karatasi zote.

Sasa sikia ya jana usiku.
Mama ananifungia begi: bizari, shuka mbili,
sweta zito alilonunua ghalani kwa bei ya wafanyakazi.
Hakuinua macho.
Akasema, siku ile kliniki ulitafsiri vizuri.
Nikasema, siku ipi?
Akasema, saratani kwa Kizungu si neno gumu, mwanangu,
zamu yetu ya usiku walikuwa nalo wawili.
Nilikutazama uso, nikaona bora nisijue,
nawe upate kulala.
Kisha akavuta zipu.

Siri ya mtungi, wanasema, aijuaye kata.
Hawakutuambia kwamba mtungi nao
unaijua kata.

Kwa hiyo sijui ninakukabidhi nini.

Aberdeen, nimesoma, ni mji wa mawe ya kijivu,
na Desemba jua linazama saa tisa na nusu
kama mtu aliyeomba ruhusa mapema.
Fomu yao iliniuliza: wewe ni wa kwanza
katika familia kusoma chuo?
Nikatazama jikoni. Baba anakunja sare yake,
Baba aliyepima nusu ya viwanja vya Wete
kwa mnyororo na darubini, ana cheti cha chuo
ambacho hakuna aliyekiomba tangu tutue.
Kisanduku kilikuwa kidogo. Baba hakuenea.
Nikaacha wazi, nikaenda kumsaidia kukunja.

Haya. Shika kopo.
Akikwambia mwambie, mwambie.
Usipunguze sana, usiongeze sana.
Na akinyamaza mbele ya daktari
usidhani hajasikia.

Kuna barua mpya mezani, imekuja asubuhi hii.
Nilinyoosha mkono kama kawaida,
akaniwahi. Akavaa miwani.
Akapitisha kidole chini ya kila neno,
polepole, kama anayechambua mchele,
nami nimesimama na koti, begi mlangoni,
sina kazi.

Mapipa ya taka, Kombo, wiki hii
ni Jumanne, si Jumatatu.
Kasoma mwenyewe.